Picha ya Fundi Mvua niliyoiacha kabla mvua haijanyesha

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Vijana, marahaba, hata kama hamjasalimia.

ID hii ni mpya, kanifungulia mjukuu wangu. Ila ninayoandika si ya mjukuu, ni yangu mwenyewe, na nitayasema yalivyokuwa. Nikifika mahali sikumbuki, nitasema sikumbuki.

Juzi nimesoma humu uzi wa vijana wanaosubiri picha mpya ya director wao. Mwingine ameshaomba ruhusa kazini. Wawili wanatukanana kwa sababu ya koti lililoonekana kwenye trela, na picha yenyewe haijatoka.

Nimecheka. Halafu nikajikuta nalia, mjukuu akaniuliza, "Bibi, trela tu?"

Basi kaeni niwasimulie.

Kwetu ni Kishanda, Muleba. Nazungumzia miaka ya ujamaa, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na redio moja nyumba hii wanakuja kuisikiliza watu wa vibanja vyote vya jirani, yaani kaya na migomba yake. Mimi nilikuwa binti niliyemaliza shule ya msingi, niko nyumbani namsaidia Maawe, yaani mama. Kaka yangu Deogratias, Deo, alikuwa anafanya kazi ya msimu kwenye ghala la kahawa Bukoba mjini.

Na mjini kulikuwa na sinema.

Mwenye sinema alikuwa Mhindi mmoja, Bwana Jivan, mpole, anauza tiketi mwenyewe na kufukuza wanaosimama kwenye viti mwenyewe. Deo kila akipata nafasi yuko pale.

Sasa enzi zile watu walikuwa wanamjua steringi na adui, basi. Nani ametengeneza picha, nani anajali? Deo alijali. Alikuwa anasoma yale maandishi ya mwanzo ambayo wenzake wanayapigia miluzi, akagundua picha zote zilizomkosesha usingizi zina jina moja. Jina lenyewe hakuweza kulitamka, akambatiza Fundi Mvua.

Kwa sababu gani? Kila picha ya yule mtu, mapigano ya mwisho yalikuwa kwenye mvua. Maneno machache sana. Kabla ya pigo la kwanza sauti zote zinakatika, unasikia tone moja tu la maji. Halafu ndiyo kinanuka.

"Steringi ni kibarua tu," Deo alikuwa anasema. "Mwenye shamba ni huyu."

Nyie mnadhani mmeanza kubishana kuhusu madirector mwaka gani?

Naomba niweke jambo moja hapa kwa wasiotoka Kagera, maana bila hilo hamtanielewa.

Pombe yetu ya ndizi, olubisi, inaanza kwa miguu. Ndizi zilizoiva zinamenywa, zinawekwa kwenye obwato, mtumbwi wa gogo lililochongwa, zinachanganywa na nyasi, halafu wanaume wanaingia kuzikanyaga mpaka maji yake yatoke. Mwanamke haingii humo. Ni kazi ya kuchosha, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuwaimbia.

Kwetu Deo hakuimba. Alisimulia picha.

Farasi wakija, miguu yote inakwenda mbio. Steringi akinyemelea, wanakanyaga taratibu, kimya. Ikifika mvua, Deo anainua mkono, wote wanasimama na mguu mmoja hewani. Anawaacha hivyo. Halafu anaushusha mkono, na hapo wanakanyaga kama wamechomwa na siafu.

Taata, baba yetu, alikuwa haipendi sinema hata kidogo. Alisema inapoteza watoto, na alikuwa na uhakika padri yuko upande wake. Lakini siku ndizi zikiwa ngumu utamsikia, "Deo, hebu leo tuletee ile yenye farasi." Hajawahi kukanyaga sinema maisha yake yote, na picha zote alikuwa anazijua.

Mimi nilikuwa nakaa pembeni kumenya ndizi, na ndivyo nilivyoziona zote.

Siku moja Deo akarudi kutoka mjini uso unang'aa. Kwenye kisanduku cha kioo pale nje ya sinema limebandikwa tangazo jipya la Fundi Mvua. INAKUJA. Steringi amevaa koti la kijani, amesimama juu ya paa la mabati, mkononi ana mwavuli uliofungwa.

Ni hilo tu. Trela yetu ilikuwa hiyo.

Wakuu, ile karatasi moja tuliishi nayo misimu miwili ya kahawa. Picha zilikuja kwa meli hadi Dar, kwa treni hadi Mwanza, halafu kwa meli ya ziwani hadi kwetu, na wakati ule pesa za kigeni nchi haina. Bwana Jivan kila akiulizwa alijibu, "Subiri kidogo tu, kijana."

Basi wakawa wanaisimulia picha ambayo hawajaiona. Projestus, rafiki yake Deo wa kufa na kuzikana, aliapa kwamba ndani ya ule mwavuli mna upanga. Deo alikataa.

"Mwavuli ni mwavuli," alisema. "Yule mtu anangoja mvua."

"Nani apande juu ya bati kungoja mvua?"

"Ndiyo maana wewe si Fundi."

Walibishana mpaka Taata akawaambia ndizi hazikamuliwi kwa midomo.

Katika kungoja huko, Deo akaanza kuvimba miguu.

Mwanzo tulidhani ni uchovu. Akaacha kuingia kwenye obwato, akawa anakaa kwenye kigoda pembeni yangu, anainua mkono akiwa pale. Halafu uso nao ukavimba. Hospitali walisema figo, wakamlaza muda mrefu, mwisho wakasema tukae naye nyumbani. Nyie watu wazima mnajua maana ya kuambiwa hivyo. Mimi nilidhani amepata nafuu.

Kazi ya ghalani ikaisha. Mjini akawa hafiki. Kila lori la ushirika likipita kuchukua kahawa, anamtuma mtu kumuuliza dereva Laurian, "Imekuja?"

Na siku moja Laurian akasimamisha lori barabarani akapiga kelele mwenyewe, "Mwambieni Deo imekuja! Jumamosi na Jumapili tu, halafu inarudi Mwanza!"

Deo aliamka kitandani. Akaomba viatu. Maawe akamletea, viatu vikakataa kuingia, akavilazimisha mpaka akatoka jasho. Mimi nilikuwa nimeshika taa ya chemli iliyokuwa inataka utambi, nikajifanya naitengeneza ili nisimwone.

Akaviweka chini. Akaniita.

"Koku, utakwenda wewe. Uione, uje unieleze."

Taata akawaka. Binti sinema? Binti yake?

Deo akamwambia, "Taata, tangu nianze kuumwa sijakuomba kitu."

Taata aliviokota vile viatu, akaviweka kando. Halafu akasema, "Aende na lori, arudi na lori."

Asubuhi naondoka, Deo alinishika mkono akanipa maelekezo kana kwamba naenda mtihani. "Usimwangalie steringi, wote wanamwangalia steringi. Wewe angalia mvua inaanzia wapi. Ukijua hilo utakuwa umeiona picha."

Jumamosi ile, wakuu, nilikaa sinema kwa mara ya kwanza maishani. Onyesho la mchana. Ilianza filamu ya serikali ya watu wanalima kwa furaha sana, watu wakapiga miluzi, halafu taa zikazimika kabisa na jina la Fundi Mvua likatokea. Nililitambua, na nilikuwa sijawahi kuliona.

Sitawasimulia picha nzima. Ilikuwa nzuri kuliko tulivyoisimulia, na haiko hivyo mara nyingi. Koti la kijani lilikuwa kijani ambacho sijakiona tena. Lakini sikuweza kuifurahia jinsi wenzangu walivyoifurahia, kwa sababu kila kitu nilikuwa nakihifadhi. Huyu kaingia kwa mlango wa kushoto. Yule ana kovu. Midomo yangu ilikuwa inatembea gizani. Na mwavuli bado umefungwa. Na mbingu kavu.

Steringi akaanza kupanda ngazi kwenda juu ya paa. Mawingu yakaanza kukusanyika.

Picha ikakatika. Taa zikawaka, mkanda wa mwisho ulikuwa unawekwa.

Na hapo nikasikia honi ya Laurian.

Mniamini, niliketi. Nikasema niisikilize ya pili, labda si yeye. Ikapigwa ya pili. Lori lile likiondoka ningelala mjini, na Deo angelala bila kujua lolote. Nikasimama, nikakanyaga miguu ya watu mpaka mlangoni.

Bwana Jivan alikuwa pale. "Binti, unakwenda wapi? Kilichobaki ndicho kizuri."

"Kaka yangu Deo anaumwa. Ananingoja."

Alimkumbuka mara moja. Akanifungulia mlango. "Mwambie nitaomba irudi," alisema.

Nilipanda nyuma ya lori juu ya magunia matupu. Njia nzima nafanya mazoezi, najisimulia kwa sauti, upepo unachukua. Tulipopita Muleba mjini mvua ikaanza. Nikajifunika gunia, nikacheka peke yangu. Nikasema nitamwambia hivi: Deo, mwisho sikuuona, lakini mvua ilinikuta njiani. Nilijua atacheka.

Nilishuka barabarani nikakimbia. Kabla sijafika kwenye kibanja chetu nikawasikia wanawake.

Alikufa jioni ile ile, mvua ikinyesha. Maawe alisema alikuwa anauliza, "Lori limerudi?" Wakamwambia bado. Akauliza tena.

Nilikuwa na picha kichwani, imepangwa vizuri, na mwenyewe hayupo.

Tulimzika kibanjani. Zilipokaribia siku za kumaliza matanga, ndizi za pombe zikaletwa, rafiki zake wakaingia kwenye obwato. Wakaanza kukanyaga kimya. Hakuna aliyeweza kuimba. Ilikuwa inasikika miguu tu.

Taata alikuwa amesimama pembeni. Akasema bila kuniangalia, "Koku. Eleza."

Mbele ya wanaume wote, mimi binti.

Nikasimama, nikaanza. Mlango wa kushoto. Kovu. Koti. Miguu ikaanza kunifuata, mbio, taratibu, mbio. Projestus alikuwa anakanyaga huku machozi yanamtiririka na hayafuti. Nikawafikisha kwenye ngazi. Nikawafikisha kwenye mawingu.

Mkono wangu ukainuka wenyewe, kama wa Deo. Wote wakasimama, mguu mmoja hewani.

Nikakwama.

Projestus akauliza polepole, "Mvua ilianzia wapi?"

"Sijui. Sikuiona."

Walibaki vile vile, na mimi mkono juu, siwezi kuushusha. Ndipo Taata, mtu asiyewahi kuona picha hata moja, akasema, "Ilianzia hapa. Siku ile ilinyesha hapa."

Akavua viatu, akaingia kwenye obwato na uzee wake, akakanyaga.

Sikuwahi kurudi sinema. Bwana Jivan na familia yake walihama baadaye, ukumbi ukawa ghala. Projestus naye ametangulia.

Jina la picha silitaji makusudi, maana najua humu mna watu wa spoiler. Mjukuu ameitafuta mtandaoni kwa kuelezewa lile koti tu, kaipata. Tuliitazama juzi usiku, nikamwambia asimamishe pale pale kwenye ngazi. Ipo hapo kwenye simu mpaka leo.

Nilichojifunza ni kidogo. Mkisubiri picha, subirini na watu wenu, maana picha ikichelewa hurudi, mtu harudi. Na huo ugomvi wenu wa koti endeleeni nao. Ndiyo yenyewe hiyo. Sisi tulichofaidi kilikuwa hicho.

Sasa nawauliza nyie wajuzi, mnishauri kwa upole: nibonyeze nimalizie, au niiache? Mjukuu anasema zimebaki dakika chache.

Ninachoogopa si mwisho wake. Naogopa nitaiona mvua inapoanzia, na nitageuka kumwambia.