Kidonda Chenye Masharubu

Hapa Seongju, Korea Kusini, kila mtu analima matikiti madogo ya manjano, na kila mtu anadhani anajua kuimba. Jirani yangu Maeng Dalho ndiye peke yake aliyeyaweza yote mawili. Mabanda yake ya nailoni yamepakana na yangu, na kwa miaka mingi nimepogoa matikiti yangu huku nikimsikia akiimba ndani ya joto lile. Sauti yake ina kilio fulani, utadhani mkewe alimkimbia jana. Kumbe mkewe, Mama Dain, yuko palepale mstari wa pili, anamwambia afunge mdomo afanye kazi.

Alikuwa mtu mpole, mfupi, mwoga wa mbwa na wa bata mzinga. Ila alikuwa na mambo mawili yaliyotushangaza. Hata jua likiwaka vipi, yeye ni shati la mikono mirefu. Na bafu la umma, ambako wanaume wote huoga pamoja, hakanyagi.

"Mtu miaka ishirini haogi na wenzake, anaficha nini?" mume wangu aliuliza siku moja.

"Labda ana mkia," nikamjibu.

Ukweli aliujua Mama Dain tu, na mimi alinisimulia baadaye sana, mambo yalipokwisha haribika. Dalho alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye karakana ya samani kule Daegu. Wenzake walikuwa wakimlia chakula chake cha mchana mbele ya macho yake. Rafiki yake mmoja, aliyekuwa anajifunza kuchora tatuu kwa siri, maana wakati huo sheria iliwaachia madaktari peke yao kazi hiyo, akamwambia, "Ukiwa na joka begani, nani atakugusa?" Dalho akaona ni wazo zuri, maana joka la hadithi za kwetu si nyoka tu, lina miguu minne na makucha ya kutisha. Rafiki akaanza na kichwa, akaweka masharubu mawili marefu, akateremka na mwili mpaka karibu na kiwiko. Kabla hajafika kwenye miguu, makucha na magamba, Dalho akaomba ruhusa aende chooni. Akatokea dirishani, akapanda basi, akarudi kwao bila hata viatu.

Basi joka likabaki hivyo hivyo. Halina miguu, halina makucha, halina magamba. Lina kichwa bapa, masharubu na mwili unaoteleza. Yaani, kwa kusema kweli, ni kambale.

Kwa sherehe za hapa wilayani halikumsumbua. Alikuwa na koti lake jekundu la kumetameta, analivaa kwenye harusi, kwenye siku ya wazee na kwenye ufunguzi wa ghala la chama cha wakulima. Shida ilianza pale kituo kimoja cha televisheni cha mkoani kilipomwita aje aimbe kwenye kipindi cha asubuhi.

Alipofika studio wakamwambia koti linaumiza kamera, kila akigeuka picha inapiga radi. Wakampa shati la mikono mifupi. Dalho akalishika kama mtu aliyepewa nyoka.

"Mwalimu, vaa basi, tumebakiza dakika kumi na tano," akasema mtayarishaji, dada mmoja mwenye haraka; waimbaji huku huitwa hivyo kwa heshima. Akavaa. Yule dada akakodoa macho. "Mwalimu, hicho ni nini?"

"Ni joka."

Akainama, akatazama kwa karibu. "Joka?"

"Halijamalizika."

"Watazamaji wetu saa hizi wanakunywa uji. Wakiona tatuu watasema tumewaletea jambazi. Juzi tu walipiga simu kwa sababu mpishi alikuwa na hereni!"

"Nivae koti langu basi."

"Koti haliwezekani. Leteni plasta!"

Zikaletwa plasta za rangi ya ngozi, za kubwa kabisa. Walimbandika kumi na moja, kutoka begani hadi kiwikoni, mpaka mkono ukashindwa kukunjika. Akaimba wimbo wake mwenyewe, "Usinipigie Nikiwa Bandani", mkono mmoja ukipunga na mwingine umenyooka kama mpini wa jembe.

Sasa, mjini kwetu kuna saluni ya Gye Sunrye, mkabala na ofisi ya wilaya. Asubuhi ile tulikuwa wanawake tisa mle ndani pamoja na Sunrye mwenyewe, vichwa vimefungwa vibanio. Sunrye akaonyesha televisheni kwa kitana.

"Jamani! Si Baba Dain huyo? Mkono wake una nini?"

"Ameungua," akasema mmoja.

"Ameungua na bado anaimba! Tazama hata kuukunja hawezi!"

Sunrye akaanza kulia pale pale, na dawa ya nywele ya mteja ikapitiliza muda. Kufika mchana, habari ilikuwa kwamba banda la Dalho lilishika moto akaingia kumwokoa mkewe. Kufika jioni alikuwa amemwokoa mkewe na mbwa. Kesho yake mbwa akawa kipofu. Mimi ninayepakana naye nilijua hakuna banda lililoungua, na kwamba mbwa wenyewe anawakimbia, lakini sikutaka kuwa mtu wa kuharibu mambo. Nilisema tu moshi niliuona kidogo.

Mizigo ikaanza kuja. Dawa za kupaka, jeli ya mshubiri, mizizi ya jinseng, mafuta ya ufuta. Bibi mmoja wa Gimcheon alituma viazi akaandika maelezo ya namna ya kuvikuna na kuvibandika. Sunrye alileta mwenyewe mtungi wa soya iliyochachuka, ile wazee wanayompaka aliyeungua, mtungi wa marehemu mama yake, uliokaa miaka kumi na miwili bila kufunguliwa. Alikuwa ameshaunda chama cha mashabiki, yeye mwenyekiti, sisi wanane wanachama, kofia za njano sare.

Dalho akajaribu. Nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu.

"Dada, niseme ukweli. Huu si moto ulio—"

"Nyamaza, mdogo wangu. Mashujaa wote husema hivyo."

"Dada, kweli tena, mimi—"

"Unaona?" Sunrye akatugeukia, machozi tayari. "Hata kujisifu hataki!"

Kituo nacho kikaona mambo ni mazuri. Wakamwita tena, na tena. Watangazaji wakawa wanamuuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, unaendeleaje?" naye anajibu, "Namshukuru kila mtu," kwa sababu hilo halikuwa uongo. Usiku halali, mchana hali. Plasta zinamwasha, kila zikibanduliwa zinaondoka na nywele. Mama Dain akamwambia, "Si useme tu ni kambale, watu waendelee na maisha yao." Akajibu kwamba atasema baada ya tamasha.

Tamasha la matikiti ni mwezi wa tano, na mwaka ule lilirushwa moja kwa moja. Dalho alipanga kuvaa koti lake, awe salama. Sunrye akamnyang'anya nyuma ya jukwaa.

"Kidonda kinataka hewa! Ukikifunika kitaoza!" Akamwachia shati alilomshonea kwa mkono wake, jembamba, lenye picha za matikiti na lisilo na mikono kabisa, akatoka ili avae. Mtayarishaji akakimbia na plasta zake kumbandika upya.

Ilikuwa saa saba mchana. Jua lilisimama utosini. Dalho akapanda jukwaani, nasi mstari wa mbele kofia za njano, tukipiga makofi. Ubeti wa kwanza ukaenda salama. Kwenye kiitikio cha kwanza jasho likaanza kumtiririka, na plasta ya juu kabisa ikajikunja ncha, ikaning'inia, ikadondoka.

"Imeanguka moja," Mama Dain akaninong'oneza, akafumba macho.

Ikafuata ya pili na ya tatu. Sunrye akainuka kwenye kiti. "Subirini. Mbona kidonda kina masharubu?"

Dalho aliona tunachokiona. Mtu mwingine angekimbia. Yeye wimbo umemkamata, hawezi kuuacha katikati, akawa anaimba huku anajizungusha ili bega lielekee nyuma, na nyuma nako kulikuwa na kamera. Waliotazama nyumbani walituambia baadaye: mpiga kamera alihamia mkono wa kulia, kisha shingoni, kisha sikioni peke yake. Mwisho alikata tamaa akaelekeza kamera kwenye kikapu cha matikiti pale jukwaani. Mkoa mzima ulitazama tikiti moja kwa dakika mbili na nusu, wimbo ukiendelea. Mama mkwe wangu anasema alilia, kwa sababu alidhani tikiti lile lina maana yake.

Plasta ya kumi na moja iliondoka na noti ya mwisho. Kambale akawa wazi, anang'aa kwa jasho, utadhani katoka mtoni sasa hivi. Watu hawakupiga makofi. Mzee mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Anauza samaki pia?"

Kituo kilimwambia apumzike. Yule mtayarishaji alimpigia mwenyewe, akasema simu zimekuwa nyingi, watu wanauliza genge gani, na kwamba akiufuta mchoro wanaweza kuzungumza tena. Dalho akamuomba radhi mara kumi, halafu akakata simu akaenda kukaa bandani peke yake. Hakuimba wiki nzima. Nilipogoa matikiti yangu kimya, na niwaambie kweli, kazi haikwenda.

Kwenye saluni kulikuwa na kikao. Sunrye alikuwa mwekundu kwa hasira.

"Mtungi wa mama yangu! Miaka kumi na miwili! Nimempelekea jambazi akaupake samaki!"

"Mimi tangu zamani sikumwamini," akasema mmoja, yule aliyetunga habari ya mbwa kipofu.

Mlango ukafunguliwa. Dalho akaingia na kreti mbili za matikiti, Mama Dain nyuma yake amebeba ule mtungi. Dalho akapiga magoti katikati ya nywele zilizokatwa.

"Dada, na nyinyi wote, nisameheni. Sijawahi kuungua. Sijawahi kuwa kwenye genge. Nilikuwa mwoga, nikataka kuonekana mtu mbaya. Hata hilo sikuliweza. Sindano iliponiuma niliruka dirishani."

"Dirisha gani?" Sunrye akauliza.

"La choo."

Kuna mtu alicheka puani, nadhani ni mimi. Sunrye akanikata jicho.

"Hata hivyo! Mtu mwenye heshima zake hajichomi wino mwilini!"

Hapo ndipo Mama Dain, ambaye hasemi sana ila akisema ni jambo, akaweka mtungi chini.

"Mwenyekiti, na hizo nyusi zenu?"

Nyusi zetu! Mwaka juzi binamu yake Sunrye alikuja na begi lake, akatuchoma nyusi wote tisa sebuleni kwa Sunrye, siku moja, tumelala kwenye mkeka mmoja tumepangwa kama dagaa.

"Zile ni urembo," Sunrye akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Ni sindano na wino. Tena kwa siri, mmefunga mapazia."

Tukageuka kwenye kioo kikubwa cha saluni. Wanawake tisa, nyusi moja. Zangu zimegeuka buluu kidogo. Za yule wa mbwa kipofu, moja iko juu kuliko nyingine, kwa hiyo hata msibani anaonekana ameshtuka. Sunrye alijitazama, akatutazama, akajaribu kukunja uso awe na hasira, na ukimwangalia vizuri nyusi hazikukunjika. Akacheka mpaka akakaa chini. Tukacheka wote, na Dalho, bado kapiga magoti, akalia.

"Inuka basi, mdogo wangu, magoti yatajaa nywele," Sunrye akamwambia. "Kunja shati nione vizuri." Akavaa miwani. Akazunguka. "Huyu binamu yangu angekuwekea miguu angalau."

"Asante dada, hapana."

Televisheni hawajamrudisha mpaka leo. Sunrye aliwaandikia barua tatu zenye sahihi za chama kizima, wakamjibu mara moja kwa adabu nyingi na bila jibu. Sherehe mbili za shule nazo zilimfuta kwenye orodha, na kanisa moja lilimkubali kwa sharti aimbe akiwa nyuma ya pazia. Akakubali. Aliniambia haikumuuma sana, ingawa siku hiyo alirudi akala bila kusema neno.

Kisha redio ya mkoa ikampa nafasi kila Jumatano saa nne asubuhi. Tulishangilia: redioni nani ataona mkono? Siku ya kwanza chama kizima tulimsindikiza na kofia zetu. Mlangoni tukapokelewa na meneja, mzee wa suti, mpole sana.

"Karibu, Mwalimu. Ila samahani, tungeomba uvae mikono mirefu."

Dalho akamtazama. "Redioni?"

"Ni kwamba sauti inaweza kubadilika. Msikilizaji anahisi."

Sunrye alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Dalho akavaa koti lake jekundu la kumetameta, ambalo huko halimuumizi mtu macho, akaingia nyuma ya kioo. Sisi tukakaa nje kwenye benchi. Taa ikawaka, akaanza kuimba, na kwenye ubeti wa pili nikaona fundi wa sauti, kijana mwenye fulana, amekunja mkono wake kumwonyesha Dalho kitu kilichochorwa kwa wino karibu na kiwiko. Kutoka pale nilipokaa kilionekana kama kuku. Baadaye alituambia ni tai.