Beringi Zilizopakwa Mkaa

Enzi zetu, na nyinyi wenzangu mliokulia kwenye vilima vya chai mkivaa sweta zenye viraka vya viwiko mtanielewa, gari la nyumbani lilikuwa na jina. Letu lilikuwa pikapu nyeupe, kuukuu, na baba aliiita Chelel, jina ambalo sisi Wakipsigis humpa ng'ombe mweupe. Chelel ilibeba majani ya chai, ikabeba maziwa, wagonjwa na maharusi. Sisi watoto tulipanda nyuma tukitafuna mahindi ya kuchoma, baridi ikitutoa machozi, na harufu ya kiwanda cha chai ikitufuata mpaka nyumbani. Hakuna aliyefunga mkanda, na tuko hai, asante Mungu.

Nilipokuwa darasa la sita, Chelel ikaanza kugonga. Ko, ko, ko, ndani kabisa ya injini. Baba alisikiliza akatikisa kichwa. Beringi kubwa za krenki zilikuwa zimekwisha, zile zinazoushikilia mhimili wa injini usiguse chuma kitupu. Ukiendelea kuendesha hivyo, chuma kinakula chuma.

Mama hakuwa na huruma. "Uza hiyo kitu," alisema. "Ng'ombe hatoi maziwa, na bado unamkatia nyasi?" Anko, mdogo wake baba, alikuwa ameshapata wanunuzi wa vyuma chakavu. Baba akaomba apewe wiki moja tu. Jumamosi ikifika kabla Chelel haijanguruma, wakuje waikate. Nililia mpaka nikashikwa na homa, maana kwangu ilikuwa sawa na kusikia ndugu yako atachinjwa.

Weh, wiki hiyo! Injini iliinuliwa kwa mnyororo uliofungwa kwenye mti nyuma ya zizi. Krenki ilipelekwa Kericho kusagwa, yaani kulainishwa pale ilipolika, na baba akarudi nayo pamoja na beringi mpya: vipande vyembamba vya chuma vilivyopinda nusu duara, upande wa ndani ukiwa wa kijivu. "Hii kijivu ni laini kama sabuni," alituambia. "Hata ukucha unaikwaruza." Zilikuwa zimepakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu. Akaziacha kwenye meza ya jikoni, akaenda kukama.

Sasa, meza hiyo ndipo mama alipotengenezea vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya kuganda. Kibuyu huoshwa, kikakauka, kisha ndani kikasuguliwa kwa mkaa wa mti maalum ili maziwa yakae siku nyingi bila kuharibika. Kwa mama, kitu kipya ambacho hakijapita kwa mkaa kilikuwa bado hakijaingia nyumbani. Baba aliporudi na ndoo yake alikuta beringi zote zimeoshwa kwa maji moto, zimesuguliwa mkaa, zimepangwa juu ya kitambaa safi, nyeusi tititi.

Aliinua moja dirishani. Ile kijivu ilijaa mikwaruzo, na punje za mkaa zilikuwa zimezama ndani yake. Zingefungwa hivyo, krenki ingeharibika upya.

"Huyu hakutaka hii gari tangu mwanzo," anko akasema kutoka mlangoni. "Amefanya makusudi."

Mama alisimama na mikono yake myeusi. Sikuwa nimewahi kumwona mama akiogopa, na niliogopa zaidi yake.

"Baba Chebet," akasema, akimwita kwa jina langu kama kawaida, "ni kweli nilisema uuze. Lakini nimeona vile unahangaika. Nilitaka zidumu."

Baba alimtazama kidogo. "Najua," akasema. Halafu akavuta kiti. "Chai iko?"

Kesho yake alidandia lori la maziwa mpaka Kericho, akarudi na seti nyingine. Kabla ya kuifungua aliita, "Mama Chebet, osha mikono na sabuni, ukuje." Anko akaguna. Kidole cha mama kiliweza kupata ufa wa kibuyu gizani, na sasa baba alimwomba akipitishe polepole kila mahali ambapo beringi ingekaa. "Hapa kuna kitu," mama akasema. Kweli, ilikuwa chembe ya mchanga. Baba akaifuta.

"Mgongo mkavu, tumbo lilowe," baba aliturudia kama sala. Mgongo wa beringi unaokaa kwenye injini haupakwi kitu, ila ule upande wa kijivu unapakwa oili. Krenki ikalazwa, kila kifuniko kikarudi mahali pake, bolti zikakazwa kidogo kidogo huku akiizungusha krenki kwa mkono ahakikishe haijakwama. Bolti ya mwisho ilipokazwa, akamwachia mama azungushe. Ikazunguka taratibu, bila kukwama popote.

Jumamosi wale wanunuzi walifika na mitungi yao ya gesi ya kukatia chuma. Chelel ikakohoa, ikatoa moshi wa bluu, ikanguruma bila kugonga. Mama alipiga kigelegele mpaka ng'ombe wakashtuka! Wageni wakapewa mursik, wakarudi walikotoka.

Leo nina karakana yangu hapa Litein, na injini ikinishinda mimi, usimpelekee mwingine. Vijana wangu ni wazuri, ila ukimwambia akuletee spana anauliza simu kwanza. Juzi niliwasimulia haya, mmoja akaniuliza, "Lakini mathe, kwani mama yako alikuwa amefanya makusudi ama?"

Nilicheka. Katika maisha yote ya wazazi wangu pamoja, sikumsikia baba akiuliza swali hilo. Siku hizi tunapekuana simu, tunaombana skrinishoti, na ukichelewa kujibu ujumbe umeshahukumiwa. Baba alikuwa na mikono myeusi ya mke wake na neno lake tu, na likamtosha.

Mume wangu ni mtu mzuri, simlaumu. Lakini nikimwambia jambo, huniuliza mara ya pili.