Rangi Iliyokuwa Nyuma ya Kiti

Miaka mingi mama yangu hakuamini kwamba niliendesha lori vitani. Kaka yake alichukuliwa katika vita vile vya kwanza, akabebeshwa mizigo, hakurudi. Kwake yeye, mwanamume wa Bungoma akienda vitani ni mpagazi tu, basi. Kila nilipofika nyumbani kutoka Kitale, nilikokuwa fundi wa magari, alinipa chai, kisha akalipapasa bega langu la kulia akitafuta kovu la mzigo. Nikimwambia nilishika usukani Burma, alijibu, "Sawa, baba," kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Iliniudhi kuliko kutukanwa.

Basi gereji yetu ilipopata lori kuukuu la jeshi, niliona Mungu amenikumbuka. Lilikuwa linaoza kwenye shamba la mzungu mmoja, kuku wakitagia ndani. Wakubwa wa maonyesho ya kilimo walitaka tulifufue, liwabebe askari wastaafu mbele ya gwaride, na liwe na rangi ile ile liliyokuwa nayo vitani. Mwenye gereji, mzee Mwislamu mzaliwa wa hapo mjini, alikata shauri mara moja: atakayeijua rangi ya kweli ndiye atakayeliendesha.

Waliowahi kuwa madereva wa jeshi pale tulikuwa wawili. Mwenzangu alitoka Kapsokwony, mtu mrefu na mpole, na upole wake ndio ulionikera. Mimi nilisema kijani. Yeye alisema rangi ya mchanga.

"Wewe ulikuwa Burma, msituni," aliniambia. "Hii gari haikupanda meli. Ilienda Uhabeshi na sisi."

"Umejua namna gani? Ilikuambia?"

Tulifungua injini, tukaziba radieta, tukatoa viota vya panya, na muda wote huo tukabishana. Mwishowe nilichukua kisu nikakwangua mlango. Kijani, na chini yake kijani tena. Nilitangaza ushindi, nikampa mtu wa basi salamu ampelekee mama: aje siku ya maonyesho, ajionee kwa macho yake.

Mama alikuja siku nne mapema, na ndizi na jogoo. Alinikuta nakoroga kijani kwenye debe. Sasa, mama alijulikana kuanzia Kibabii hadi sokoni kwa kukandika nyumba. Watu wakiwa na arusi au tohara, yeye ndiye aliyeitwa kupaka kuta. Alilizunguka lori mikono nyuma, kama anavyozunguka nyumba ya jirani iliyokandikwa na mtu mwingine.

"Umekwangua wapi?"

"Mlangoni."

Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Mlangoni kila mtu anapaka tena na tena, wageni waone. Ukitaka kujua nyumba ilikuwa rangi gani, angalia nyuma ya kitanda. Huko mkono wa mvivu haufiki."

Tulifungua boliti za kiti. Nyuma yake kulikuwa na vumbi na manyoya ya kuku, na chini ya vumbi, rangi ya mchanga, safi kabisa. Mwenzangu hakutabasamu, Mungu ambariki. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mama yangu mwenyewe, jamani.

Na hakuishia hapo. Rangi ile haikuwepo dukani, kwa hiyo akashuka mtoni, akarudi na udongo wa aina mbili, akauchanganya na majivu na kuupaka kwenye kipande cha bati. Mzee mwenye gereji akachanganya rangi ya njano na nyeupe kando yake, akaipaka kwenye bati jingine kuufuata udongo ule. "Usiangalie ikiwa mbichi," mama alimwonya. "Mbichi inadanganya." Walingoja kila jaribio likauke juani. Siku ya pili, bati la udongo na bati la rangi yalikuwa pacha.

Siku ya maonyesho mwenzangu aliendesha. Mimi nilikaa nyuma pamoja na wastaafu, nimenuna, huku mama akiwaelezea wanawake kando ya barabara kwamba rangi ile ni yake.

Kesho yake mzee alinipa hendeli ya kuwashia. "Mama hawezi kurudi kwa basi baada ya kazi kama hii. Mpeleke." Mwenzangu akafuta kioo cha mbele bila kuambiwa, nami nikaanza kumpenda.

Mama alikaa mbele, kando yangu. Kwenye mteremko nilishusha gia, lori likanguruma, akashika mlango kwa mikono miwili. Mbele kidogo basi lilikuwa limekwama kwenye tope. Nilipita pembeni yake polepole, gia ya kwanza, usukani ukinivuta nami nikiuvuta. Alinitazama mikono, si barabara.

Nyumbani alishuka, akaangalia ubavu wa lori, akanigombeza. "Umenichafulia rangi." Nikainama kumshushia kikapu. Mkono wake ukaja begani kama kawaida, halafu ukasita. Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akazipapasa sugu za kiganjani moja moja, majirani wakitutazama.

"Kumbe hata mimi nilikuwa nakwangua mlango," akasema.

Kisha akaingia ndani kuweka chai.