Ukurasa Nilioutoa kwa Mkono Wangu

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa kijana, ofisa mdogo wizarani, na nilikuwa nimeandika ripoti kuhusu vitunguu saumu vya huku kwetu Mbulu. Katika ukurasa mmoja nilishauri kwamba wakati wa mavuno yetu vitunguu saumu vya nje visiingizwe, maana wakulima wadogo wa vijiji vya Daudi na Nambis wasingeweza kushindana navyo.

Wiki hiyohiyo walikuja wageni kutoka nchi moja kubwa, rafiki wa nchi yetu, ambayo ndiyo iliyokuwa ikituuzia vitunguu hivyo vya nje. Walikuwa watu wapole. Waliahidi kutujengea barabara ya lami, tena wakatoa nafasi za masomo kwao kwa maofisa vijana. Hakuna aliyetutisha. Mmoja alisema tu kwamba wangefurahi kuona biashara haiwekewi vizuizi. Walipoondoka, mkuu wangu aliniita.

"Ule ukurasa wako unaweza kuwaudhi," aliniambia. "Na jina lako nimelipeleka kwenye zile nafasi za masomo."

Sikubisha. Sikuuliza hata swali moja. Niliutoa ukurasa kwa mkono wangu, na miezi michache baadaye nikapanda ndege.

Niliporudi nilikwenda Nambis kumsalimia shangazi yangu Martina, aliyenilea na kunisomesha kwa vitunguu saumu. Nilimkuta ghalani, na harufu ya kuoza ilinipokea mlangoni. Vitunguu vya nje vilikuwa vimejaa sokoni, na wanunuzi hawakupanda tena mlimani kuja kwake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Karibu. Umerudi salama?"

Nilikaa chini nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akiendelea kutenga vilivyooza.

"Walikulazimisha?" aliuliza.

"Hapana, shangazi."

"Wangekulazimisha, ningekuonea huruma."

Akaendelea na kazi yake. Mpaka alipofariki hatukulizungumza tena jambo hilo, wala mimi sikupata ujasiri wa kumwomba msamaha. Barabara ilijengwa kweli, tena nzuri. Naipita kila nikija nyumbani, na kila mara naona aibu.

Mwanangu, nawe sasa unaingia ofisini. Taifa kubwa halina haja ya kukufokea. Linakupa unachokihitaji, kisha linakuacha ukisie lenyewe linataka nini, na wewe unakimbilia kulitimizia. Sikwambii ukatae misaada. Shida zetu unazijua. Ila kabla hamjapokea, uliza mbele ya wenzako: tukishapokea hiki, ni jambo gani hatutaweza kulisema tena? Kama jambo hilo linawahusu watu waliokulea, liseme kabla hujanyoosha mkono. Wakubwa wako wanaweza kukuchukia, na nafasi yako akapewa mwingine. Hilo utalivumilia. Hili langu nimeshindwa kulizoea mpaka uzee huu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ujasiri nilioukosa mimi, na kila utakaporudi huku milimani uweze kuwatazama watu wako machoni.