Ubao Uliopungua Upana wa Ukucha

Kwangu mimi, kutoka Juru, hapa kambini Nakivale, kwenda mjini Mbarara ni kusafiri nje ya nchi. Nyumbani nina kiti, paneli ya sola na redio za majirani zinazosubiri tiba. Anayetaka kunitoa hapo aje na sababu.

Sababu ilikuja kwa simu. Mwalimu mmoja mstaafu wa Nyamitanga, huko huko Mbarara, niliyewahi kumtengenezea redio, alikuwa na kompyuta iliyowazidi umri watoto wangu wote. Betri yake ilivuja ikala mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu. Nyimbo alizowatungia wanakwaya zamani zilikuwa kwenye disketi ambazo hakuna mashine nyingine aliyoiona ikizisoma. Kwaya ilikumbuka viitikio tu. Beti ziliondoka na wenye kuziimba.

"Fundi, hii imekufa ama imelala?" aliniuliza nilipofika.

"Imekufa, Mwalimu."

"Basi fufua. Nyinyi watu ya Nakivale munaomba sana, sivyo?"

Chipu zilikuwa hai, ubao ndio uliooza. Nikazing'oa, nikaupeleka ubao mtupu kwenye duka la fotokopi mjini, ukapigwa skana pande zote mbili, nikarudi nao kwangu kabla mji haujanizoea. Kwa miezi kadhaa nikawa nauchora upya juu ya zile picha, njia moja ya umeme baada ya nyingine, ili kiwanda cha ng'ambo kitutengenezee mwingine.

Nilikusudia kuuweka mchoro mtandaoni, auchukue yeyote bure, maana hata programu ya kuchorea nilipewa bure. Lakini kwanza ubao uje, niuone ukifanya kazi. Niliuita huo uangalifu. Ukweli ni kwamba niliwaogopa wenye diploma.

Mke wangu alikuwa anachambua maharage ya kupanda. Kwetu mbegu haikai nyumba moja: unaweka yako, nyingine unampa jirani, mvua ikikudanganya unaifuata kwake.

"Huo mchoro unaulalia sawa kuku," akasema, "na haiko yai."

"Na kama batu batanicheka?"

"Mimi nakucheka kila siku, na ungali unakula mingi."

Nikauweka. Wiki mbili kimya. Kisha akaniandikia mtu nisiyemjua, wa nchi ambayo hata hali yake ya hewa siijui. Alikuwa na kompyuta kama ile. Alikuwa amechapa mchoro wangu kwenye karatasi akaulaza juu ya ubao wake: chipu zinakaa, lakini matundu ya skrubu na sehemu za kuchomeka kadi zimekosea. Ubao wangu ulikuwa mfupi kwa upana wa ukucha. Akauliza kwa adabu: je, skana haikupunguza picha?

Ilipunguza. Pale dukani wana huruma na kila kitu: cheti, kitambulisho, tangazo la msiba, chochote lazima kienee kwenye ukurasa na pembeni ibaki nafasi ya kupendeza. Ubao wangu ulihurumiwa vilevile. Nami, mwenye rula inayoning'inia ukutani, sikuupima hata mara moja.

Siku ile ile asubuhi Mwalimu alikuwa amenipigia: amepata pesa za kuagiza ubao mmoja. "Mara moja tu, Fundi. Mbili hapana." Tulikuwa tuagize Jumatatu.

Nilipima, nikachora upya. Yule mgeni akaulaza tena, akajibu kwamba sasa unakaa. Ndipo tukaagiza.

Ubao ulipofika niliurudishia chipu zake, nikalala Nyamitanga usiku mmoja, ushujaa ambao nyumbani haujatajwa vya kutosha. Disketi ya kwanza ilikataa. Ya pili ikasoma. Mwalimu alisogeza uso hadi karibu na kioo, akasoma ubeti wote kimya, kisha akauimba, nje kabisa ya sauti.

"Wimbo ni nzuri," akasema. "Mwimbaji ndiyo imeharibika."

Nilipoaga alinizuia mlangoni. "Weka hizi nyimbo kwa simu yako, upelekee kwaya ya huko kwenu. Kwangu peke yangu zilikuwa karibu kufa."

Nikazibeba mpaka Juru. Mke wangu alisikiliza habari yote bila kuniambia kwamba alinionya. Alinipa jembe tu. Maharage yalikuwa bado hayajapandwa.