Nguvu Iko Kwenye Supu

Basilia Tzunux anachoma chapati za mahindi mlangoni pa soko la Totonicapán, nami nauza viazi ubavuni pake, kwa hiyo mtu asinihadithie anakula nini. Namwona. Ni mfupi hata anapanda juu ya kreti ili aonane na mteja, na mapana yake yanakijaza kibanda. Tangu asubuhi mpaka tunafunga, chakula chake ni zile chapati zilizoungua, kwa chumvi, akiteremshia kwa soda, maana maji ya bomba la sokoni yanasokota tumbo. Nyama haigusi. Kwake akichinjwa kuku, minofu ni ya mumewe na baba mkwe, na supu yote ni ya Olga.

Olga ni bintiye. Ameshatimiza miaka miwili, lakini ukimfunga mgongoni unadhani umejifunga shuka tupu. Wala hanyimwi. Basilia anamlisha kama alivyofundishwa na mama yake mzazi, Nicolasa: nguvu za kuku huingia kwenye supu, na nyama inayobaki ni makapi ya kuwashibisha wanaume.

Siku ya kupima watoto, nesi alimweka Olga kwenye mizani, akamtazama mtoto, kisha akamtazama mama. Aliyesema ni Tomasa, aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni.

"Mwenzetu anakula chake na cha mtoto."

Wanawake wakacheka. Basilia akalia palepale, nami nikamwambia Tomasa afunge domo lake, kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Nesi alimvuta Basilia pembeni, akamweleza kwamba supu ni maji yenye ladha tu. Mtoto anataka nyama yenyewe, yai, maharage yaliyopondwa. Akaongeza kuwa mwili ulionyimwa utotoni hubaki mfupi, na ukubwani, ukijazwa chapati na soda, hunenepa upesi. Basilia hakusadiki hata kidogo. Akamfunga Olga mgongoni, akanikokota twende kwa mama yake, aje amuumbue huyo nesi.

Nicolasa anaishi na mwanawe wa kiume, Macario, jitu la miraba minne. Tulimkuta jikoni amempakata mtoto wa Macario, anachambua kidari cha kuku kwa vidole na kumtilia mdomoni. Kitoto kina mashavu hayo! Supu ilikuwa sufuriani, hakuna aliyekuwa na haja nayo.

Basilia akauliza mbona huyu analishwa makapi.

"Huyu mwanamume, mwanangu," Nicolasa akajibu, wala hakuona haya. "Kesho ndiye wa kubeba mizigo."

"Na Macario ulimlisha hivyohivyo?"

"Kuku mmoja, vinywa chungu nzima. Ningefanyaje? Wewe ulikunywa supu yako, ukakua."

"Nilikua kwa upana, mama."

Kicheko kilinifika kooni, nikauona uso wake, kikarudi kilikotoka. Maisha yake yote huyu aliweza kumshuku kila mtu, ila si mama yake.

"Ulijua," Basilia akasema. "Siku zote ulijua."

"Ulikuwa unalia njaa. Ningekwambia ni maji, ungenyamaza?"

Hapo hata mimi nilimwonea huruma yule bibi. Lakini Basilia hakuwa amemaliza.

"Basi wewe nyama hukuwa nayo. Mimi kuku ninao, mama. Mwaka mzima unakuja kwangu, unaniona namjaza mjukuu wako maji, unanisifu. Ulishindwa nini kuniambia?"

Nicolasa akainama, akawa anampangusa yule mjukuu aliyempakata midomo iliyokuwa safi. Nilimchukia wakati ule, na bado sijamaliza kumchukia.

Basilia akauchukua mnofu uliobaki bakulini, akamshusha Olga mgongoni, akamkalisha sakafuni na kumtilia kipande mdomoni. Mtoto alikiweka shavuni, akakigeuza huku na huku, hajui akifanye nini. Akakitema. Kisha akainyooshea kidole sufuria, akaanza kulilia supu.