Funza wa Baba Shukuru

Damu ya ng'ombe ikichanganywa na pumba na samadi mbichi, ikafunikwa kwa gunia lililoloa, ikaachwa juani, harufu yake haiishii puani. Inaingia mdomoni, inakaa juu ya ulimi, na ukimeza mate umeimeza. Hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Wenzangu wakisimulia utoto wao wanataja mvua ya kwanza na chai ya bibi. Mimi nakumbuka uvundo. Tuliishi Mlandege, mjini Iringa, katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja, bomba moja na choo kimoja, na pale nyuma ya choo jirani yetu Baba Shukuru alikuwa anafuga funza. Umesikia vizuri. Watu hufuga mbuzi, hufuga njiwa, hufuga sungura. Yeye alifuga funza, kwa makusudi, tena kwa majivuno. Mpaka leo nikipita mbele ya bucha jua likiwa kali, navuka barabara.

Baba Shukuru alikuwa utingo wa malori kwa miaka mingi, mpaka mgongo ukamkatalia. Safari moja lori lao liliharibika Nyololo, wakalala pale wakisubiri kipuri, na kwa kukosa la kufanya akaenda kuangalia kuku wa mtu mmoja wa pale kando ya barabara. Kuku wanene ajabu. Mwenye kuku akamwonyesha siri yake, na siri yenyewe ikahamia nyuma ya choo chetu. Alikata pipa katikati, akaweka mchanganyiko wake, akaita nzi. Naam, aliwaita! Sisi tunawafukuza nzi kwa kanga na kwa fagio, yeye anafunua gunia kidogo ili wapate njia ya kuingia kutaga. Baada ya siku chache pipa zima lilikuwa linafurukuta, weupe mtupu, na ukiinama unasikia sauti yao, kama uji unaochemka polepole. Alikuwa akiwachota kwa mkono. Kwa mkono, jamani! Kisha anajifuta kwenye koti, anakuja kukupa mkono wa salamu: "Kamwene, mwanangu!" Nami nilifundishwa adabu, sina pa kuuficha wangu. Na ilikuwa Juni na Julai, baridi ya Iringa ile inayokata masikio, miezi ambayo Baba Shukuru alikuwa anaoga pasipoti tu, uso na shingo, basi.

Mwenye nyumba wetu alikuwa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu aliyekuwa na duka la vitenge sokoni, ambaye wazazi wake walitoka pwani kufuata biashara wakakaa moja kwa moja. Alikuwa msafi wa kutisha. Alikuwa anafagia ua ambao tayari umefagiwa. Siku alipogundua pipa, alishika pua kwa ncha ya mtandio, akasema, "Astaghfirullah! Baba Shukuru, hivi wewe una akili timamu?" Baba Shukuru akamjibu kwa upole kwamba hao ni protini. Bi Zuhura akasema hiyo protini aipeleke kwao. Wakabishana wiki nzima, kila mmoja na hoja zake, na mwisho wakakubaliana kwamba pipa lisogezwe mpaka ukutani kabisa na lisionekane na mgeni yeyote. Halafu Bi Zuhura akaongeza sharti la dini yake: kuku yeyote wa Baba Shukuru atakayeliwa ndani ya ua ule lazima afungwe siku tatu, ale nafaka safi, tumbo lake lisafike, ndipo achinjwe. Asiyetaka atafute nyumba nyingine.

Sharti hilo lisingenihusu, kwa sababu mimi kuku wale nilishaapa kutowala. Lakini mwaka ule Dada Atu alipata mchumba. Dada alikuwa ameanza kushona nguo kwenye baraza la fundi mmoja, na kijana wa Ubaruku aliyekuja kushonesha suruali akawa anarudi kila wiki na suruali nyingine, mpaka zikaisha akaanza kuleta za wadogo zake. Familia yao ilikuwa ya wakulima wa mpunga, watu wenye heshima zao. Wakatuma neno kwamba wanakuja Jumamosi kujitambulisha. Dada akawa hali, halali. Hofu yake haikuwa kijana, ilikuwa sisi. Baba yetu alikuwa amefariki, na ndugu zake walishabeba makochi na redio wakapotea, hatukuwaona tena. Nani atakaa kwenye kiti cha baba? Posa ya binti asiye na mwanaume wa kumsemea inaweza kuvunjika kabla chai haijapoa. Mama aliwaza, akageuka huku na huku, na hapakuwa na mwingine wa umri na sauti ya kutosha. Alibaki Baba Shukuru peke yake. Dada alilia aliposikia, na mimi nikalia kumsindikiza.

Baba Shukuru alilipokea jambo lile kwa moyo wote. Alisema binti ni wake, kiti atakikalia, na kuku atamtoa yeye, jogoo wake mkubwa kuliko wote. Bi Zuhura, ambaye naye alikuwa amekubali kukaa na wageni kama mama mkubwa wetu, akasema sawa, ila afungwe. Kazi ya kumlisha nikapewa mimi. Akafungwa mguu kwa kamba jikoni kwetu, nikamwekea mahindi. Hakula. Nikamwekea mchele. Aliutazama mchele, akanitazama mimi, akafumba macho. Kuku yule alikuwa amezoea nyama! Siku ya pili shingo ilianza kulegea, na kifua kilichokuwa kimejaa kikaanza kuonyesha mfupa. Mama alikuwa anampapasa kila akipita. "Mungu wangu, tutawapa wakwe mifupa," alisema. "Watasema tumewadharau." Baba Shukuru alikuwa anakuja kumchungulia, anatikisa kichwa kama mtu aliyetembelea hospitali, kisha anaondoka. Ningejua alichokuwa anawaza ningefunga mlango kwa kufuli.

Jumamosi wageni walifika mapema: baba mkwe, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, pamoja na dada yake, yaani shangazi wa bwana harusi, na gunia la mchele wa Ubaruku. Wakakaribishwa ndani kwa Bi Zuhura, kwenye makochi ya vitambaa. Baba Shukuru alikuwa ameoga mwili mzima, mtaa wote ulikuwa shahidi. Jogoo alichinjwa na muuza kahawa wa jirani, Mwislamu, kama ilivyokuwa desturi ya mtaa wetu, ili kila dini ile. Mama akamnyonyoa haraka haraka. Mimi nikashika bakuli. Bi Zuhura akaja jikoni kuhakikisha usafi, na alikuwa amesimama juu yetu kabisa Mama alipopitisha kisu kwenye kile kifuko cha shingoni. Kikapasuka. Hayakutoka mahindi, wala mchele. Walitoka funza, wengi, wengine bado wakijipindapinda, wakamwagika kwenye mkono wa Mama na kwenye bakuli langu. Nililitupa bakuli. Mama akafungua firigisi, nayo ilikuwa imejaa uji wao. Nilitapika pale pale, kwenye jivu.

Baba Shukuru alikuwa mlangoni, amekuja kuulizia chumvi. Hakujitetea sana. "Nilimpa kidogo alfajiri," alisema, "alikuwa anakonda kwa mawazo. Nikasema kuku wa mwanangu hawezi kwenda mezani hana mwili." Dada Atu alikuwa amekaa chini, uso ameuficha kwenye kanga. Kuku mwingine wa kununua hapakuwa na muda, na hao wengine wa uani wote walikuwa wamekula kule kule. Kuitupa firigisi nako hakukuwezekana. Kila mtu anajua firigisi ni ya mgeni mkubwa, na sahani ikifika bila firigisi mgeni haulizi, anaondoka nayo moyoni. Basi ikaoshwa. Ikaoshwa kwa maji ya moto, kwa ndimu, kwa chumvi, kwa maji ya moto tena. Ikapikwa. Bi Zuhura akarudi kwa wageni, akatangaza kwamba yeye bahati mbaya hatakula, amefunga, analipa siku zake za Ramadhani. Alisema hivyo na kikombe chake cha chai kikiwa bado kinatoa moshi juu ya meza, nikakiondoa bila kuambiwa.

Niliibeba sahani mimi. Niliiweka mbele ya baba mkwe, firigisi imekaa katikati ya wali, imeng'aa kwa mafuta. Akaila kwanza. Alitafuna kwa sauti, taratibu, akafumba macho, akalamba kidole kimoja kimoja. Kisha akavunja mfupa wa paja, akaufyonza mpaka ukapiga mluzi. Nilikuwa nimesimama na birika la kunawia, nimebana meno. "Jamani," akasema, "kuku huyu mtamu. Mnamlisha nini?" Mama akatazama sakafu. Bi Zuhura akatazama dari. Na mimi namwomba Mungu amzibe mdomo Baba Shukuru, lakini macho yake yalishawaka. Kwa miaka hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo! Akalijibu lote: damu, pumba, samadi, gunia, nzi, akaonyesha na ukubwa wao kwa ncha ya kidole. Shangazi aliweka tonge chini, akaomba kuonyeshwa choo. Maskini, huko ndiko pipa lilikokuwa. Tulimsikia wote.

Mzee alikuwa ameacha kutafuna. Shavu moja lilikuwa bado limevimba kwa chakula, na macho yake yalikuwa kwa Baba Shukuru. Nilijua tumemaliza, dada yangu hataolewa, na sababu ni mdudu. Mzee akameza. Akasema, "Mimi kuku wangu wanakula pumba za mashineni mwaka mzima, wamekuwa kama karatasi. Nionyeshe." Wakatoka wawili wao, kofia na koti, wakainama juu ya pipa pua kwa pua na uvundo ule, na yule mzee mwenye heshima zake akatumbukiza mkono. Akawachota. Akawageuzageuza kiganjani, anauliza, wanachukua siku ngapi, mvua ikinyesha inakuwaje? Walikaa huko mpaka wali ukapoa. Waliporudi, mzee alisema kwamba ametembea sana, amekaa kwenye vikao vingi vya posa, na kila mahali watu humdanganya kuhusu mali zao. Leo amekutana na baba wa binti aliyemweleza hata alichokula kuku. Nyumba ya namna hiyo anaitaka. Wakapeana mikono, mikono ile ile, haijanawa. Halafu akanigeukia mimi, akaniwekea kiganja chake kichwani kunibariki. Nilioga mara tatu kwa maji ya baridi yale, na bado nilikisikia kimekaa kwenye nywele.

Sasa naishi Mbeya, kwenye nyumba yangu mwenyewe. Ina vigae mpaka jikoni, ina ukuta mrefu, ina choo ambacho hakuna mwingine anayekitumia. Hainuki kitu. Kuku nanunua aliyegandishwa, kwenye nailoni, ndani yake hamna firigisi wala utumbo wala historia. Nimepata nilichokuwa nakitamani nikiwa nimeshika pua kule Mlandege, na nakiri hadharani siitamani tena Mlandege: ulikuwa uchafu, na uchafu ni uchafu hata ukikumbukwa kwa mapenzi. Lakini kesho wanakuja kuniposa mimi, kwa kuchelewa kwangu huku kote, na nilipoanza kuuliza nani atakaa kwenye kiti cha baba, niligundua kwamba jirani wa upande wa pili wa ukuta simjui hata jina. Mama ameshatangulia, Bi Zuhura naye. Mume wa Dada Atu alioa kwetu, hawezi kunisemea. Iliniuma sana hiyo. Nikapiga simu Iringa.

Baba Shukuru alishuka kwenye basi juzi, ameinama kwa uzee, jogoo kwenye tenga mkono mmoja, na mfuko wa koti umevimba. Nikamuuliza mfukoni kuna nini. Akatoa kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko kilichotobolewa matundu. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Nikamwambia kopo likae nje ya geti, na jogoo nikamfunga stoo kwa mahindi safi, sharti la Bi Zuhura nikilitimiza kama yeye mwenyewe amesimama pale. Hajala. Nimempa mahindi, mchele, hata mkate wa siagi. Leo jioni nimempapasa kifuani, nikakutana na mfupa. Nimekaa kwenye vigae vyangu, nikamwaza mzee nisiyemjua atakayefika kesho kutoka Tukuyu, na sahani nitakayomwekea mbele, na yule mzee mwingine aliyeinuka usingizini alfajiri ile kwa ajili ya dada yangu. Basi nikaenda getini. Nimelibeba kopo kwa ncha za vidole, nimelifungua, harufu ile ile, Mlandege nzima ndani ya stoo yangu. Nikageuza uso, nikamimina. Jogoo aliruka. Kutoka sebuleni, alikojifanya amesinzia kwenye kochi, Baba Shukuru akasema, "Usimalize wote, mwanangu. Bakiza wa alfajiri."